Hukuniuliza Imesema Nini

Nafula mwanangu,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati kati ya Malaba na Majanji, ni mimi baba yako, na sioni haya kulisema. Wenzangu walitolewa shule na ufukara, wengine na malaria, wengine na fimbo. Mimi niliitwa. Nilikuwa darasa la tano, dawati la mbele, dereva wa lori akasimama dirishani akamwambia mwalimu, "Nipe yule kijana anayejua lugha sita, nina safari naye." Nikatoka mbele ya darasa zima nikitembea kama waziri anayekwenda kufungua daraja. Tangu siku hiyo bahati haijanipa likizo. Nimebeba watu kwa baiskeli mpaka hadi mpaka kabla pikipiki hazijaingia, nimekuwa broka wa malori, nimekula samaki na Wakongo na kunywa chai na Wasomali, na nimeoa mwanamke mzuri kuliko wote waliowahi kushuka kutoka Osukuru. Hadithi hii unaijua. Busia yote inaijua, upande huu na upande ule.

Sasa kaa vizuri usome barua ya baba yako.

Naandika mchana huu, wewe umevuka kwenda kumuaga shangazi yako upande wa Kenya. Begi lako liko mlangoni, nimeshalipiga teke mara mbili nikipita. Binti yako Taaka amelala hapa mkekani, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya kitabu. Mambo ya neti ya mbu, ya kula vizuri, ya kutomwamini mtu yeyote ndani ya basi la kwenda Mbarara, mama yako atakueleza kesho asubuhi, na atayarudia mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile uliloniuliza Jumapili tulipotoka kanisani.

Ulisema, "Baba, miaka miwili ni mingi. Utaweza kusoma na Taaka kila siku vile nilivyokuonyesha? Kama hutaweza niambie sasa, nitawaandikia chuoni wanisubiri mpaka akue kidogo."

Nikakujibu, "Mimi? Mama, mimi naweza kumfundisha hata nguruwe kusoma gazeti."

Ukacheka. Lakini hukucheka vizuri, nikaona. Ulikuwa unamtazama Taaka. Nami najua ulichokuwa unakikumbuka, kwa sababu nami nilikuwa nakikumbuka hichohicho, ila mimi nilikimbilia nguruwe.

Basi leo nakijibu bila nguruwe, wewe mwenyewe uamue kama utapanda lile basi.

Wewe hukujifunzia kusoma shuleni. Ulijifunzia kwenye foleni. Ulikuwa na miaka mitano, nakuweka kwenye karia ya baiskeli, tunapita pembeni ya malori yaliyolala siku tatu yakisubiri kuvuka, nawe unasoma kila kilichoandikwa. Milangoni, kwenye maturubai, kwenye makontena, nyuma karibu na namba. Kiingereza, Kiswahili, hata majina ya kampuni za nchi ambazo mimi mwenyewe sijui ziko wapi. Herufi zilikuwa zinakutii, Nafula. Sijui niseme vipi. Nilikuonyesha mara moja namna sauti zinavyoshikana, kesho yake ukawa unanisahihisha mimi.

Madereva wakaanza kukungoja. Kulikuwa na Mkenya mmoja, mrefu, meno ya dhahabu, alikuwa anazima injini ukifika ili akusikie.

"Buda, huyu ni mtoto ama ni redio?"

"Redio inataka betri," nikamwambia. "Huyu anatumia uji tu."

"Haki huyu ni noma. Soma hii, siste. Na hii."

Ukasoma. Wakapiga makofi. Mimi kifua kimejaa kama gunia la kahawa. Nilikusimamisha juu ya kreti za soda pale sokoni, nikakuletea kopo, boksi, gazeti lililofungiwa sabuni. Nilimwita hata paroko akusikie. Na katika siku zote hizo, mwanangu, nataka ujue nimelifikiria hili sana, sikukuuliza hata mara moja umesoma nini.

Ningekuuliza vipi? Na mimi nilikuwa sijui.

Kisha ikaja ile chupa.

Ulikuwa darasa la pili. Mama yako alikuwa na vifaranga arobaini na wawili, aliwalea ndani ya nyumba kwa sababu ya mwewe, tukawa tunalala tukinuka kuku. Wakaanza kusinzia na kunya kijani. Mama yako akasema twende kwa mtu wa mifugo Tororo. Mimi nikasema mtu wa mifugo wa nini, mimi nina marafiki. Dereva mmoja alikuwa ameniachia chupa yenye picha ya ng'ombe, ng'ombe mnene anayemeremeta. Nikawaza, dawa inayomponya ng'ombe mzima itashindwaje na kifaranga? Usicheke. Au cheka.

Lakini nilitaka ifanyike kwa heshima. Nikawaita majirani. Nikakusimamisha kwenye kiti, nikakupa chupa uisome. Mama, ulisoma! Kiingereza kirefu kile, maneno mengine marefu kama treni ya mizigo, hukujikwaa hata mahali pamoja. Ulisoma mara tatu kwa sababu majirani waliomba. Mzee jirani yetu akatikisa kichwa akasema, "Huyu atakuwa wakili." Nikachukua kifuniko, nikapima dawa, nikaitia kwenye maji ya kunywa ya kuku.

Ilikuwa dawa ya kupe. Ya kumpaka ng'ombe mwilini. Kwenye karatasi ya ile chupa ilikuwa imeandikwa wazi kwamba ni sumu ikinywewa na mnyama au mtu, na kwamba watoto wasiiguse. Wewe mwenyewe ulikuwa umelitamka neno la sumu kwa sauti tamu, mara tatu, huku umeishika kwa mikono miwili.

Wote arobaini na wawili. Kabla ya saa kumi.

Nikatoka ndani nikiwa na kifaranga mkononi nikakukuta umekaa kizingitini. Nikakufokea, "Nafula! Wewe si ulisoma? Hukusoma?"

Ukanitazama. Hukulia. Ukasema, "Nilisoma, Baba. Hukuniuliza imesema nini."

Nimetukanwa na askari wa nchi nne. Nimetukanwa na mama mkwe kwa Kijapadhola, lugha yenye nafasi nyingi ya matusi. Hakuna maneno yaliyonipiga kama yale yako, na hukuyasema kwa ubaya, ulikuwa unanieleza tu.

Nami nilifanya nini? Hapa ndipo penye kosa langu, si pale kwenye chupa. Kwenye chupa nilikuwa mjinga, mjinga anasamehewa. Kosa ni kwamba ningeweza kukaa pale kizingitini nikakwambia, "Mwanangu, hata mimi sijui imesema nini, twende tukamuulize anayejua." Sikukaa. Nikavuka mpaka nikaenda kumpigia kelele mwenye duka ambaye hata hakuniuzia ile chupa, nikarudi nikawaambia majirani tumeuziwa dawa ya bandia. Wewe ukanisikia nikisema hivyo. Ukajua baba anadanganya, na ukajua kwamba kusoma kwako kumeua kuku wa mama. Ukafunga mdomo. Mwaka mzima hukunisomea kitu. Tukipita kwenye foleni, madereva wanaita, wewe unatazama mgongo wangu.

Meno ya dhahabu akaniuliza, "Redio imeharibika?"

Nikasema, "Inapumzika." Nikakanyaga baiskeli haraka.

Aliyekufungua mdomo ni mama yako, na mpaka leo nikikumbuka nashangaa upya. Athieno, ambaye hajui hata kuandika jina lake, ambaye kwenye daftari la kanisa anaweka kidole. Alikuwa anachambua mukene, dagaa wa ziwani, gunia zima kutoka Majanji, wewe umeletwa umsaidie. Ukawa na kitabu chako cha shule. Akakwambia, "Nisomee, mikono yangu haina kazi na masikio." Wewe ukaendelea kuchambua. Akasema, "Basi niambie tu hii picha. Huyu mwanamke anakimbia nini?"

Ukasema hujui.

"Angalia. Ameacha kiatu. Mtu anaacha kiatu chake hivi hivi?"

Nilikuwa nyuma ya ukuta narekebisha mnyororo wa baiskeli. Nikasikia ukisema polepole, "Labda anamkimbilia mtu. Hakimbii kitu, anakimbilia." Mama yako akasema, "Eeh! Nani? Soma tuone kama ni kweli." Ukasoma. Mstari mmoja. Akakusimamisha. "Ngoja kwanza. Kwa nini hakufunga mlango, huyu mjinga? Mimi ningefunga." Ukamjibu, "Mama, hana muda, mtoto wake yuko mtoni!" Akasema, "Wewe umejuaje? Bado hujasoma." Ukasema, "Kwa sababu pale mwanzo walisema mvua imenyesha usiku kucha."

Mnyororo ukaniponyoka mkononi.

Nafula, nimesimama juu ya mwamba wa Tororo nikaona nchi mbili kwa jicho moja. Nimeona kilima cha Osukuru kikilipuliwa, jiwe kubwa kama nyumba likapaa kama kuku. Nimeona jua likitoka Majanji na mitumbwi mia ikirudi kwa pamoja kama imeitwa jina. Hakuna kilichonifanya nisahau kupumua kama ile siku nyuma ya ukuta. Mtoto alichukua mvua ya ukurasa wa kwanza akaibeba kichwani mpaka ukurasa wa tano akaujaza nayo mto ambao haujaandikwa. Nani alimfundisha? Ule mto uko wapi? Kwenye karatasi haupo. Mimi ningesoma kile kitabu mara kumi kwa sauti ya kanisani na nisingelowa hata unyayo.

Mama yako hakujua kwamba amefanya jambo. Aliendelea kuchambua mukene na kugombana na watu wa kitabuni. Alikuwa anawachukulia kama majirani. Anawalaumu, anawahurumia, anauliza walikula nini. Nawe ukalazimika kuwatetea, na ili umtetee mtu lazima umwelewe. Nilikaa pale mpaka giza likaingia na sikuingia ndani. Niliona aibu ya mtu aliyekaribishwa karamuni akagundua amekuja bila kuoga.

Na bado sikusema kitu! Kesho yake nikawaambia madereva, "Redio imepona, fundi ni mimi."

Sasa nikueleze ya wiki hii.

Tangu ulipotuachia vile vitabu vidogo nimekuwa nikisoma na Taaka kila siku saa kumi, ukiwa kazini. Nilifanya vile ulivyonionyesha. Picha kwanza, kabla ya maneno. Unadhani nini kitatokea. Soma kidogo, simama. Kwa nini amefanya hivyo. Je, wewe umewahi. Kisha afunge kitabu anisimulie kwa maneno yake, Kiswahili, Kisamia, lolote linalomjia. Kusema kweli siku ya kwanza nilichoka kuliko kupakua saruji. Mimi ni mtu wa kusema, si mtu wa kungoja. Unauliza swali, mtoto anatazama dari, anatazama kuku, anajikuna, na wewe huruhusiwi kumjibia! Mara mbili nilimjibia. Akaniambia, "Babu, hilo lilikuwa langu."

Siku ya tatu tukasoma kile cha bibi mwenye mtungi unaovuja. Unakijua. Kuna ule ukurasa majirani wanamcheka kwa sababu anafika nyumbani bila maji, na kumeandikwa tu kwamba bibi naye akacheka. Nikasoma kwa mbwembwe, nikacheka kicheko cha bibi kizee mpaka mama yako akachungulia. Taaka hakucheka. Akaweka kidole kwenye picha.

"Hacheki huyu."

"Anacheka, mjukuu wangu. Tazama, a-ka-che-ka."

"Mdomo ndio unacheka. Mkono ameshika kitenge hivi." Akalishika gauni lake, akalikunja ngumini. "Anataka kulia lakini watu wapo."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, Babu." Akanihurumia, naapa. "Mtu hawezi kuandika kila kitu."

Ana miaka mitano na nusu, Nafula! Meno mawili ya mbele hayapo. Jana yake alikuwa amejaza maharage kwenye sikio. Nilimtazama nikaogopa kidogo, vile mtu anavyoogopa akiingia kanisa kubwa peke yake. Nikafunga kitabu, nikamwambia twende tukamenye karanga.

Jana tena tukawa tunamenya karanga. Akasema, "Leo hadithi bila kitabu." Basi, mimi na hadithi! Nikampa ile yangu kubwa, ya dereva dirishani. Nimeisimulia miaka arobaini. Naijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kusimama watu wacheke. Nikafika pale kwenye "nipe yule kijana," akanishika goti.

"Ngoja, Babu. Dereva alijuaje wewe unajua lugha sita, na yeye alikuwa nje?"

Nikasema alisikia sifa zangu.

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Mwalimu alisema nini?"

"Alikubali."

"Kwa nini alikubali? Mwalimu wetu hakubali hata twende chooni." Akamenya karanga moja, akala, akafikiri. "Lori lilikuwa rangi gani? Mama yako alikutafuta jioni?"

Miaka arobaini, mwanangu. Nimewasimulia mapadri, polisi, watu wa kodi, wazazi wa mama yako. Walicheka, wakanipiga bega, wakaninunulia chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza rangi ya lori. Nami nilikuwa sina rangi ya kumpa. Nikainamia karanga, mimi, mtu ninayeweza kubishana na askari wa forodha kwa lugha anayoichagua yeye.

Taaka akanitazama usoni, halafu akanitazama mikono. Nilikuwa nimebana karanga mpaka zimesagika. Akasema kwa upole, "Hapa kuna ukurasa umechanika, Babu." Akaninyang'anya karanga zilizosagika akala.

Hivyo ndivyo ninavyokujibu. Ulitaka kujua kama nitamgeuza awe redio kama nilivyokugeuza wewe. Sasa umeona, nimeshachelewa. Mama yako alikufungua, wewe umemfungua yeye, na ukimpa neno hataki sauti yake, anataka kujua limetoka wapi na nani alikuwepo. Kazi iliyobaki ni kutomfunga tena, na anayeweza kumfunga ni mtu anayejibu haraka, anayependa makofi, anayesema ni dawa ya bandia. Mtu huyo namjua sana. Nyumba yake ndiyo hii.

Kwa hiyo nimempa mama yako kazi. Saa kumi atakaa nasi. Nikipaza sauti atanikanyaga mguu, tumekubaliana, na nadhani amekubali kwa furaha kupita kiasi. Mimi natamka kila kitu na kuelewa nusu, yeye hatamki herufi na anaelewa kila mtu. Ukituweka kwenye mkeka mmoja tunatoa msomaji mmoja mzima. Na tukifika mahali ambapo sote watatu hatujui, nitasema mbele ya Taaka, "Babu hajui." Nimejizoeza asubuhi hii kule nyuma kwa mbuzi. Inatoka, ila kwa shida kama jino.

Panda basi, mama. Lakini usipande kwa sababu baba yako ni hodari. Panda ukijua unamwacha na nani, ndiyo maana nalipa deni la maneno hapa chini, kwa maandishi, nisiweze kuligeuza kuwa kichekesho nikikuona machoni.

Siku ile darasa la tano mwalimu alinipa kitabu cha Kiingereza nisome mbele ya wenzangu. Nilisoma ukurasa mzima, hakuna aliyewahi kusoma vizuri vile. Akasema vizuri sana, Wandera, sasa tuambie, yule mtu aliuza ng'ombe wake kwa nini? Nikausoma ukurasa tena. Akauliza tena. Nikausoma mara ya tatu, kwa sauti zaidi. Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao mpaka kengele ikalia. Nikachukua daftari langu nikaenda nyumbani, na sikurudi shule tena mpaka leo. Mama yangu alinitafuta jioni, nilikuwa nimejificha kwenye mihogo. Hakukuwa na dereva. Hakukuwa na lori la rangi yoyote. Hakuna mtu aliyeniita, Nafula. Bahati ile ni uongo.